Maji ya Sikioni Hayatoki Ziwani

Ndugu wafanyakazi, katika toleo hili tunaziweka kando kidogo habari za mishahara na mikataba ili tuzungumze juu ya masikio ya watoto wetu. Asiyeona jambo hili linahusu nini chama cha wafanyakazi na asome mpaka mwisho, maana linagusa mfuko, linagusa ruhusa ya kazi, na linagusa fimbo ambayo mtoto hupigwa bila kosa.

Mwenzetu mmoja hufanya kazi ya kukamua mawese upande wa Rumonge. Mtoto wake wa kiume alikuwa na umri wa miaka sita, ndiyo kwanza ameanza shule. Haukupita muda mrefu baba akaitwa. Mwalimu akamwambia, “Mzee, kijana wako ni mkaidi. Namwita mara tatu ananitazama tu. Nikimpa kazi hii, anafanya nyingine.” Baba akamshukuru mwalimu, akarudi nyumbani, akamtandika mtoto. Hatumtaji jina wala shule hatuitaji, kwa kuwa sisi wengine tungefanya vivyo hivyo, na baadhi yetu tumekwisha kufanya.

Aliyegundua ni mama. Siku moja alikuwa akichambua ndagala nyuma ya nyumba, na mtoto amekaa hatua chache mbele yake amempa mgongo. Akamwita kwa sauti ya kawaida aje achukue sahani. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akapita kuku, mtoto akageuka kumtazama kuku, na hapo ndipo alipoona mdomo wa mama unacheza. Akainuka mbio. Mkaidi hainuki mbio namna ile. Jioni mama akamwambia mumewe, “Baba watoto, huyu hakatai. Hasikii.”

Majirani wakatoa hukumu moja: maji ya ziwa yamemwingia. Huku pwani kwetu, kuanzia Magara na Minago hadi Kizuka, Kigwena na Nyanza-Lac, kila ugonjwa wa sikio hubebeshwa Tanganyika. Basi mtoto akakatazwa kuoga ziwani. Akatiwa matone ya mawese yaliyopashwa moto, kila usiku, siku saba. Zikanunuliwa na antibiotiki, nusu ya dozi, kwa sababu fedha haikutosha kununua nzima. Baada ya mwezi mtoto alikuwa vile vile, tofauti ni kwamba sasa alikuwa akiwatazama wenzake wakiogelea.

Ni kweli kulikuwa na maji sikioni mwake. Lakini hayakutoka ziwani.

MAJI YANATOKA WAPI

Tundu la sikio tunaloliona kwa nje lina mwisho. Mwisho wake ni ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma, na ndiyo sababu huitwa ngoma ya sikio. Ngoma hiyo ikiwa nzima haipitishi maji. Mtoto apige mbizi kutwa nzima, maji ya ziwa yataishia kwenye ngoma na kurudi yalikotoka. Vivyo hivyo mawese, vivyo hivyo maji ya majani. Chochote tunachokimimina kwa nje hakiufikii ugonjwa ulio nyuma ya ngoma.

Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo, nacho ndicho sikio la kati. Ndani yake mna vifupa vitatu vilivyoshikana, vinavyopokea mtikisiko wa ngoma na kuupeleka ndani zaidi. Ili ngoma na vifupa vicheze sawasawa, chumba hicho lazima kiwe na hewa. Hewa huingia kwa mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua. Mrija huu umepewa jina la Bartolomeo Eustachi, daktari wa Italia aliyeueleza katika karne ya 16. Kwa kawaida umefungwa, na hufunguka kwa nukta tu tunapomeza mate au tunapopiga mwayo. Kila mvuvi aliyewahi kupiga mbizi kuufungua wavu ulionasa kwenye jiwe anaujua, hata kama hajapata kusikia jina lake: sikio linakaza, linauma, halafu ukimeza mate linasema “tap” na kuachia. Huo ndio mrija umefunguka.

Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama, kwa hiyo majimaji huteremka. Kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala karibu sawa na ardhi. Mtoto akishikwa na mafua, mdomo wa mrija huvimba na kuziba. Mara nyingine huzibwa na vinyama vilivyo nyuma ya pua, ambavyo kwa watoto wengine huwa vikubwa, na mtoto wa namna hiyo aghalabu hulala mdomo wazi na kukoroma kama mzee.

Mrija ukiziba, nini hutokea? Wenzetu wa mawese wanaweza kutufundisha. Ukimimina mawese ya moto ndani ya bidoni la plastiki na kulifunga kabla hayajapoa, asubuhi unalikuta limebonyea mbavu. Hewa iliyokuwemo imepungua nguvu na haikupata njia ya kujazwa. Sikioni hakuna joto la namna hiyo, lakini mambo yanafanana: hewa iliyofungiwa ndani hunyonywa kidogo kidogo na nyama za chumba chenyewe, ngoma huvutwa ndani kama ubavu wa bidoni, na mvuto huo hutoa majimaji katika kuta za chumba. Mwanzoni ni mepesi kama maji. Yakikaa, huwa mazito, hata kuvutika kama mlenda. Waingereza huuita ugonjwa huu “sikio la gundi”, na hawakukosea. Wakati mwingine pia majimaji ni mabaki tu ya ugonjwa wa sikio wenye homa na maumivu, ambao wenyewe umekwisha pona.

Sasa ngoma imekwama kwenye gundi. Mtoto hawi kiziwi. Hupoteza kama desibeli 20 hadi 30 za usikivu, yaani husikia kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole. Sauti kubwa anaisikia, honi anaisikia, baba akifoka anamsikia vizuri kabisa. Kinachopotea ni sauti ndogo za maneno. “Fika”, “pika” na “shika” kwake ni neno moja. Ndiyo maana akitumwa kupika anafika tu, akasimama mlangoni akitazama.

HALIUMI, NA HILO NDILO TATIZO

Mtoto hana homa. Hatoki usaha. Halii usiku. Zaidi ya hayo, hali hubadilika: leo anasikia, wiki ijayo hasikii, akipata mafua inazidi. Mzazi gani hatasema kwamba mtoto anajifanya?

Hata kwenye kituo cha afya anaweza kupita bila kuonekana. Vituo vingi duniani hufuata utaratibu uliotungwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka mitano, unaojulikana kwetu kwa herufi PCIME. Ni utaratibu mzuri, umeokoa watoto wengi. Lakini juu ya sikio unauliza hasa mambo mawili: je, linauma? Je, linatoa usaha? Na nyuma ya sikio hutazamwa kama kuna uvimbe. Majibu yakiwa hapana, kadi husema hakuna ugonjwa wa sikio, nanyi mnarudi nyumbani. Hatumlaumu mganga. Yeye anajibu aliloulizwa. Kwa hiyo, mama, ukifika pale usiseme “mtoto ana sikio”. Sema, “Mtoto wangu hasikii vizuri, naomba umulikiwe ndani ya sikio lake kwa taa.” Maneno hayo hufungua mlango mwingine. Mganga mwenye taa ya kumulikia sikio huweza kuona ngoma iliyofifia, iliyovutwa ndani, pengine na mapovu nyuma yake. Ngoma yenye afya hung'aa.

Nyumbani pia mnaweza kujaribu, kwa mtoto aliyekwisha kuzungumza vizuri. Simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, asione mdomo wako. Mwenzako azibe sikio moja la mtoto kwa kidole na kukisugua taratibu. Toa pumzi kwanza, kisha umnong'oneze maneno matatu ayajuayo, mathalani “saba, samaki, jiwe”. Ayarudie. Akikosea, mpe mengine matatu. Akishindwa kupata hata matatu kati ya sita, yafaa sikio hilo lichunguzwe. Jaribio hili halichukui nafasi ya daktari, lakini ni bora kuliko fimbo.

Tazameni vile vile kama anaongeza redio kuliko wengine, kama anaukodolea macho mdomo wa msemaji, kama anasema “eee?” kila mara, kama ameanza kujikwaa ovyo, na kwa mdogo zaidi, kama maneno yake yanachelewa kuliko ya nduguze.

WATOTO WETU KATIKA HATARI HIYO

Nchi zilizowapima watoto wake zimeona kwamba kama 8 katika kila 10 hupata majimaji haya angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 10. Si ugonjwa wa maskini wala wa pwani. Hupanda mara mbili: kwanza mtoto akiwa na mwaka mmoja au miwili, halafu tena anapokaribia miaka mitano, yaani pale pale anapoanza shule.

Hata hivyo maisha yetu huongeza mafuta kwenye moto. Ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, nyumba nyingi za ufukweni ziliingiliwa na maji na familia zikahamia kwa ndugu. Watoto wanane wakilala chumba kimoja, mafua hayaondoki katika chumba hicho, huzunguka tu. Kwa hiyo tukitaka kulilaumu ziwa, tulilaumu kwa hilo. Kuogelea halikumkosea mtu.

Moshi wa sigara ndani ya nyumba umethibitishwa kuwa unaongeza maji ya sikioni. Moshi wa kuni haujashuhudiwa kwa uzito ule ule, lakini haupendwi na pua ya mtoto, na mama anayechemsha ngazi au kukausha mukeke kwa moto huku mtoto yupo mgongoni atafanya vyema akimpa bibi amshike upande upepo unakotoka. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama kwa muda mrefu iwezekanavyo, kwani hilo humkinga. Anayenyonya chupa asinyweshwe akiwa amelala chali. Na chanjo zisikosekane: tangu mwaka 2011 Burundi inatoa chanjo dhidi ya vijidudu vya nimonia, na vijidudu hivyo ndivyo pia huleta sehemu ya magonjwa ya sikio.

Kuna jambo jingine la kwetu hasa. Mtoto wa Burundi anaanza shule akikutana na Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja. Rumonge na Nyanza-Lac walirudi maelfu ya ndugu zetu waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, wengi wao kuanzia mwaka 2008, na wengine walirudi na watoto waliokuwa wamesoma kwa Kiswahili tu. Walimu wamezoea kuona mtoto anayetazama ubao bila kuelewa, nao husema, “Ni lugha, atazoea.” Mara nyingi ni kweli. Lakini ndani ya kundi hilo hujificha mtoto ambaye lugha yoyote ile humfikia nusu nusu. Njia rahisi ya kuwatenganisha: mnong'oneze kwa lugha ya mama yake. Mgeni wa lugha atajibu. Mwenye gundi hatajibu.

KUNGOJA, LAKINI MACHO WAZI

Sasa dawa. Tunajua wengi wamefika hapa wakitafuta jina la dawa. Hakuna. Tunasema hivyo bila kuficha. Antibiotiki haziondoi maji haya. Dawa za maji za mafua na mzio haziyaondoi. Fedha iliyotumika kuzinunua imepotea, na antibiotiki za nusu dozi huwafundisha vijidudu kuzizoea, ili siku mtoto atakapougua kweli zisimfae.

Jambo lililothibitika ni kungoja. Kama nusu ya watoto hupona wenyewe ndani ya miezi 3, na karibu wote, kama 95 katika 100, ndani ya mwaka. Kungoja si kusahau. Mvuvi wa taa anajua kuhesabu: usiku wa mbalamwezi ndagala hawaifuati taa, mitumbwi hupumzika. Basi ihesabiwe hivi: tangu siku mtoto alipomulikiwa sikio, mbalamwezi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbalamwezi ya tatu baba yupo nchi kavu, ampeleke mtoto amulikiwe tena. Siku iandikwe kwenye kadi ya mtoto au ukutani kwa mkaa.

Katika miezi hiyo kuna kazi ya kufanya. Mwalimu aombwe kwa adabu amweke mtoto mbele, upande wa sikio lililo zuri, mbali na dirisha la barabarani. Tunajua madarasa yetu yamejaa, na kumhamisha mmoja ni kumwondoa mwingine, lakini kiti hicho ni dawa kuliko chupa yoyote ya dukani. Nyumbani, mguse bega kwanza, akutazame, kisha sema kwa sauti ya kawaida na maneno yaliyonyooka. Usifoke; kufoka kunavuruga maneno. Zima redio mnapozungumza. Afundishwe kupenga kamasi tundu moja baada ya jingine, polepole.

Wako wanaopulizisha watoto kibofu cha mpira kwa pua ili kuufungua mrija. Hilo si uchawi. Katika uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2015, watoto 320 wa miaka 4 hadi 11 waligawanywa, wengine wakipuliza mara tatu kwa siku. Baada ya miezi 3 karibu 50 katika 100 ya waliopuliza walikuwa na sikio la kawaida, na 38 katika 100 ya wasiopuliza. Faida ipo, si kubwa. Lakini kibofu chenyewe ni cha pekee, kina kichwa cha kukaa puani. Msiwape watoto wadogo vibofu vya sherehe kwa kusudi hilo. Vimewahi kuwakaba watoto koo.

Mafuta, mkojo, maji ya betri, njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku: vyote hivi tumevisikia, na vyote viachwe. Tundu la sikio likiungua au ngoma ikitobolewa, ndipo mtakapokuwa na ugonjwa wa kweli wa kutibu.

Naye mtoto mwenye ngoma nzima aogelee.

ISICHANGANYWE NA UGONJWA MWINGINE

Sikio likiuma na mtoto ana homa, huo ni ugonjwa mwingine, na apelekwe kituoni siku hizo hizo. Hapo ndipo mganga anaweza kuandika antibiotiki, na zimalizwe. Sikio likitoa usaha, likaushwe mara tatu kwa siku kwa utambi wa kitambaa laini kilicho safi, mpaka utambi utoke mkavu. Usaha ukizidi wiki mbili, zinahitajika dawa za matone kutoka kwa mganga, na mtoto huyo, tofauti na yule wa kwanza, asiingize maji sikioni, ya ziwa wala ya beseni. Nyuma ya sikio pakivimba na kuuma, au sikio likasukumwa mbele, msingoje asubuhi. Hospitali ya Rumonge usiku huo huo, kwa maana ugonjwa umeingia kwenye mfupa, na ubongo uko jirani.

Na neno moja kwa watu wazima. Ewe mwenzetu uliyesikia sikio moja limejaa maji wiki nyingi bila mafua, usijifariji kwa makala hii ya watoto. Kwa mtu mzima hali hiyo huweza kuwa dalili ya uvimbe nyuma ya pua. Muone daktari.

IKIPITA MIEZI MITATU

Wachache watabaki na maji masikio yote mawili, na wanasikia vibaya. Hao wanahitaji kupimwa usikivu na daktari wa masikio, pua na koo, tunayemwita daktari wa ORL. Madaktari hao ni wachache nchini na wengi wao wako Bujumbura, mwendo wa kilomita zipatazo 70 kutoka Rumonge. Daktari anaweza kusema tungoje tena, na hilo si kufukuzwa. Anaweza kushauri chombo cha kusaidia kusikia kwa muda. Au anaweza kutoboa ngoma kidogo, kunyonya gundi na kuacha kijibomba kidogo kuliko punje ya mtama, kinachopitisha hewa badala ya mrija uliogoma. Kutoboa ngoma kulijaribiwa London na Astley Cooper mwaka 1801, lakini tundu lilikuwa likijifunga upesi. Mmarekani Beverly Armstrong ndiye aliyetangaza kijibomba cha plastiki mwaka 1954. Kwa kawaida hudondoka chenyewe baada ya miezi 6 hadi mwaka mmoja au zaidi kidogo, na tundu hufunga. Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, au mwenye hali ya Down, asingoje mzunguko huu wote. Apelekwe mapema, kwani maji ya sikioni humwandama.

FEDHA NA RUHUSA

Hapa tunarudi kwenye kazi ya chama. Tangu mwaka 2006 matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano ni bure nchini Burundi. Ni jambo kubwa na tunalishukuru. Lakini hesabuni wenyewe: maji ya sikioni hupanda mara ya pili mtoto anapokaribia miaka mitano, na shule, mahali ambapo kutosikia huanza kuonekana, huanza miaka sita. Yaani mtoto anagunduliwa mara tu baada ya mlango wa bure kufungwa. Mtumishi wa serikali ana Mutuelle, iliyoundwa mwaka 1980. Mwenye kadi ya CAM aulize kituoni kadi yake inafunika nini. Mvuvi anayelipwa kwa mgao wa samaki, na mkamuaji anayelipwa kwa bidoni, mara nyingi hana lolote mkononi isipokuwa siku ya leo.

Tunaona matawi yetu ya pwani yanaweza kuomba mambo mawili yasiyo makubwa. La kwanza, kila mtoto anayeandikishwa darasa la kwanza ajaribiwe kwa mnong'ono, na anayeshindwa amulikiwe sikio bila malipo; kazi hiyo ni ya dakika chache kwa mtoto mmoja, na taa moja inatosha shule nyingi. La pili, mwajiri atoe nusu siku yenye malipo kwa mzazi mwenye tarehe ya mtoto kwenye kadi. Akina mama ndio wanaopoteza siku hizo leo, na hazihesabiwi popote.

Mtoto wa mwenzetu alimulikiwa sikio, na tarehe ikaandikwa. Mwalimu, alipoelezwa, alimhamishia mbele siku ile ile, na tunaambiwa alimwomba radhi baba. Baba akaenda nyumbani akakaa na mtoto muda mrefu. Mbalamwezi ya tatu sikio la kushoto lilikuwa limeng'aa. La kulia bado lina gundi. Wenzake wa mashine wamekwisha changa nauli ya kwenda Bujumbura, ikiwa itahitajika, nayo imewekwa kwa mweka hazina wao. Jumamosi mtoto alionekana ufukweni na wenzake, akiogelea.